WAKITUTAJIA KOREA, WATUTAJIE YOTE



Kuna hadithi moja iliyokwisha kuzoeleka katika jiji hili kama chai ya saa nne. Wanasiasa huisimulia jukwaani, matajiri huisimulia wakati wa mazungumzo ya mishahara, na siku hizi hata vijana wetu ndani ya matatu za Kangemi na Kawangware wanaijua kwa moyo. Hadithi yenyewe yasema hivi: mwaka 1963, tulipopata Uhuru, Kenya na Korea ya Kusini zilikuwa sawa kwa umaskini. Leo Korea inaunda meli, magari na simu, nasi twavinunua. Msimulizi hunyamaza kidogo, hututazama usoni, halafu hutoa fundisho lake: Wakorea walifanya kazi kwa bidii, wakavumilia mshahara mdogo, wakafunga midomo, wala hawakuwa watu wa kugoma. Basi nanyi fanyeni vivyo hivyo.

Hadithi hii ina ukweli ndani yake, na ndiyo sababu yatuuma. Lakini imekatwa katikati, na nusu iliyotupwa ni ile inayotuhusu sisi. Nataka kuieleza nusu hiyo hapa kwa sababu wajumbe wetu wa mahoteli, maduka na majumba ya Westlands, Parklands, Kileleshwa na Lavington wanakaribia kuketi mezani tena, na najua kabisa kwamba Korea itatajwa.

Kwanza lile neno la usawa. Ni kweli kwamba mwanzoni mwa miaka ya sitini, ukigawanya mapato ya nchi kwa idadi ya watu, Mkenya na Mkorea kila mmoja alipata kama dola mia na kidogo kwa mwaka. Lakini watu wawili wanaweza kuwa na shilingi kumi kumi mfukoni, mmoja ana shamba na watoto wake wako shule, na mwingine ni mpangaji ambaye watoto wake wanachunga mbuzi wa jirani. Utasema hao ni sawa?

Wakorea walikuwa wamekwisha kugawana ardhi yao. Sheria ilipitishwa mwaka 1949, na kazi ikaanza 1950. Hakuna mwenye shamba aliyeruhusiwa kubaki na zaidi ya hekta tatu hivi. Aliyekuwa akilima kwa kukodi alipewa shamba lile lile, akalilipia kwa mavuno ya mwaka mmoja na nusu, tena kidogo kidogo kwa miaka mitano. Mabwana wakubwa wa ardhi wakaisha nguvu, na mkulima akapata cha kumlipia mtoto shule. Kufika 1960 karibu kila mtoto wa Korea aliyefikia umri alikuwa darasani katika shule ya msingi.

Na sisi? Mashamba ya masetla yalinunuliwa kwa fedha za mkopo, na maskini aliyepewa kipande akapewa na deni lake. Wengi hawakupewa chochote. Elimu ya msingi bila malipo, iliyotolewa na kurudishwa nyuma mara kadhaa, ilikuja kwa watoto wote Januari 2003, miaka 39 baada ya Uhuru. Na ukitaka kuona kwa macho, huna haja ya kwenda mbali. Ondoka Lavington, ambayo zamani ilikuwa mashamba ya kahawa ya mapadri wa Kifaransa wa St. Austin's, uteremke kwa miguu hadi Kawangware. Ni mwendo mfupi sana. Upande mmoja nyumba moja ina uwanja wa kutosha mtaa mzima, na upande wa pili mtaa mzima umesongamana mahali pa uwanja mmoja. Wanaofagia upande wa kwanza hulala upande wa pili. Mtu akitaka tuwe kama Korea, naona angeanza na habari ya ardhi. Lakini neno hilo sijalisikia likisemwa na hao wasimulizi hata siku moja.

Tena mkono mtupu haulambwi. Korea ya Kusini ilipata fedha nyingi za Marekani kwa miaka mingi, kwa sababu ya vita na kwa sababu ya Wakomunisti waliokuwa ng'ambo ya mpaka. Mwaka 1965 ilipatana na Japani, mtawala wake wa zamani, ikapokea dola milioni 300 za bure na dola milioni 200 za mkopo. Ikapeleka wanajeshi zaidi ya 300,000 kwa zamu katika vita vya Vietnam, nayo ikalipwa. Sisemi hivi kupunguza jasho la Wakorea. Nasema kwamba aliyeambiwa tumbo lake likazwe mshipi ili nchi iwe Korea, aulize kwanza ni nani atakayeleta mtaji, na ni ardhi ya nani itakayogawanywa.

Sasa tufike kwenye kunyamaza. Hapa ndipo hadithi inapogeuka kuwa uongo mtupu.

Wakorea hawakunyamaza hata chini ya Wajapani, waliowatawala tangu 1910 mpaka 1945, wakawanyang'anya ardhi, na mwishoni wakawalazimisha kujiita kwa majina ya Kijapani. Tarehe 1 Machi 1919 walitoka barabarani katika nchi nzima wakidai uhuru, wakapigwa risasi. Msichana wa shule aitwaye Yu Gwan-sun alitiwa gerezani kwa ajili ya maandamano yale, akafia humo mwaka 1920. Miaka mitatu baada ya Machi ile ikaja Machi yetu. Harry Thuku, karani wa simu katika ofisi ya Hazina, alikamatwa kwa kupinga kipande, kodi iliyopandishwa na mishahara iliyokatwa. Tarehe 16 Machi 1922 maboi, wapishi, madereva na vibarua waliacha kazi, wakakusanyika mbele ya kituo cha polisi kilichokuwa karibu na Hoteli ya Norfolk. Wanaume walipoanza kusitasita, Mary Muthoni Nyanjiru akawaaibisha, akasonga mbele na wanawake wenzake, naye akaanguka miongoni mwa waliouawa. Serikali ilihesabu maiti 21. Waliokuwapo walisema ni zaidi. Wengi wa watu wale walitoka katika majumba ya Wazungu, watu wa sufuria na ufagio, ambao hata leo husemwa kwamba hawawezi kuwa na chama.

Halafu kuna mwaka 1950, ambao tarehe zake zinagongana kwa namna ya ajabu. Tarehe 23 Aprili mwaka ule, katika ukumbi wa Kaloleni, Makhan Singh alisimama akatoa azimio kwamba nchi za Afrika Mashariki zipewe uhuru, wakati ambapo wanasiasa wengi walikuwa bado wanaomba viti viwili vitatu zaidi katika Baraza. Tarehe 15 Mei yeye na Fred Kubai, viongozi wa muungano wa vyama vya wafanyi kazi ulioanzishwa mwaka 1949, wakakamatwa. Kesho yake Nairobi ikasimama. Mgomo uliendelea zaidi ya wiki moja ukafika na miji mingine. Watu walidai viongozi wao wafunguliwe, na kima cha chini kiwe shilingi 100 kwa mwezi. Walijibiwa kwa mabomu ya machozi na magari ya deraya. Makhan Singh hakuwa huru tena mpaka Oktoba 1961. Mgomo ule ulikuwa haujatimiza hata miezi miwili, tarehe 25 Juni 1950, vita vikaanza Korea.

Vita vile viliua watu kwa mamilioni. Majirani zetu Waethiopia walipeleka askari wao kupigana huko. Risasi zilinyamaza tarehe 27 Julai 1953 kwa mkataba wa kusimamisha vita tu, na mkataba wa amani haujatiwa sahihi mpaka leo. Nchi ikabaki vipande viwili. Habari za Kaskazini sitazirefusha: chama kimoja, ukoo mmoja kwa vizazi vitatu, na chama cha wafanyi kazi ambacho kazi yake ni kuwapigia makofi wakubwa. Anayetaka wafanyi kazi wasiogoma kabisa atawapata huko. Sijasikia tajiri yeyote wa Westlands akitamani kuhamishia duka lake Pyongyang.

Kwetu nako kulizimwa. Chama cha KAU kilipigwa marufuku Juni 1953. Tarehe 24 Aprili 1954 askari na polisi wapatao 25,000 walilizingira jiji la Nairobi, wakachuja watu mtaa kwa mtaa, na watu zaidi ya 20,000 wakaishia vizuizini, wakiwamo viongozi wengi wa vyama vyetu. Katika ukimya ule sauti ya Mwafrika iliyobaki kisheria ilikuwa sauti ya vyama vya wafanyi kazi, na ndivyo kijana Tom Mboya alivyopanda haraka namna ile. Wanaotuambia leo kwamba chama kishughulike na mishahara tu kisiguse mambo ya nchi, wasome habari za miaka ile.

Baada ya vita Korea ya Kusini ikabaki na rais wake mzee, Syngman Rhee, aliyependa kiti chake kupita kiasi. Machi 1960 kura ziliibwa. Mwezi uliofuata maiti ya mwanafunzi mmoja aliyetoweka katika maandamano iliokotwa baharini huko Masan, na nchi ikawaka. Tarehe 19 Aprili polisi waliwapiga risasi wanafunzi mjini Seoul, watu karibu 190 wakafa katika siku zile, na tarehe 26 Rhee akajiuzulu. Hao ndio Wakorea wanaonyamaza. Walimwondoa rais kabla sisi hatujapata wetu wa kwanza.

Uhuru wao haukudumu. Tarehe 16 Mei 1961 Jenerali Park Chung-hee akatwaa serikali kwa bunduki. Jeshi likavunja vyama vyote vya wafanyi kazi, kisha likaunda muungano mmoja kutoka juu, na wakubwa wa usalama wakachagua wa kuuongoza. Huyu Park ndiye anayesifiwa sana katika hadithi yetu. Kwa viwanda alikuwa stadi, sibishi. Aliwasukuma matajiri wakubwa wauze nchi za nje, na asiyefanikiwa alinyimwa mkopo. Hilo nalo wasimulizi hulisahau: kule tajiri mwenyewe alikuwa na nyapara.

Msomaji atauliza kama jambo hili la kuunda muungano kutoka juu halitukumbushi kitu. Latukumbusha. Mwaka 1965, baada ya mapigano kati ya wafuasi wa miungano miwili iliyokuwako, Serikali iliifuta yote, ikaanzisha COTU, na Rais akapewa uwezo wa kuteua Katibu Mkuu kutoka majina matatu. Februari mwaka ule ule Pio Gama Pinto, rafiki mkubwa wa wafanyi kazi, alikuwa amepigwa risasi mbele ya nyumba yake hapa Westlands, mtoto wake mdogo akiwa garini. Mboya naye akauawa Barabara ya Serikali, ambayo sasa ni Moi Avenue, tarehe 5 Julai 1969. Sisemi haya ili kuitukana nyumba yetu. Mapatano mengi mazuri yametoka katika nyumba hiyo. Lakini muungano unaozaliwa kwa amri huwa na shingo inayogeuka upande wa Ikulu, na mwanachama wa kawaida huchukua miaka mingi kuigeuza imwelekee yeye. Wakorea walichukua miaka zaidi ya 30.

Walioanza kazi hiyo ya kugeuza shingo hawakuwa wakubwa. Wa kwanza ninayemtaja alikuwa fundi cherehani.

Mjini Seoul palikuwa na soko la nguo liitwalo Pyeonghwa, maana yake Amani. Juu ya maduka palikuwa na vyumba vya kushonea vilivyogawanywa kwa mbao hata mtu mzima hakuweza kusimama wima. Humo walishona wasichana, wengine wa miaka kumi na mitatu, saa kumi na nne au zaidi kwa siku, katika vumbi la nguo, na wengi wakapata kifua. Anayejua vyumba vya mafundi vya ghorofani River Road haoni taabu kuviwaza. Kijana Jeon Tae-il alifanya kazi humo. Mara nyingi alitoa nauli yake ya basi akawanunulia wasichana wale mkate, naye akarudi nyumbani kwa miguu usiku, mwendo wa saa nyingi.

Siku moja akagundua kwamba nchi yake ina Sheria ya Kazi, tena iliyopitishwa tangu 1953: saa nane kwa siku, siku ya mapumziko, ulinzi wa watoto. Ilikuwa sheria nzuri, na ilikuwa kabatini. Jeon akaisoma, akakusanya wenzake, akapita na karatasi za maswali kuandika saa za kazi na magonjwa ya watu, akapeleka malalamiko katika ofisi ya kazi ya mji na kwa Serikali. Alizungushwa kama tunavyozungushwa sisi. Tarehe 13 Novemba 1970, akiwa na umri wa miaka 22, alijimwagia mafuta mbele ya soko lile, akajiwasha moto, mkononi ana kitabu cha sheria ile, akipaza sauti kwamba wafanyi kazi si mashine.

Sitaki kijana yeyote wa Kenya afanye hivyo. Twawataka wakiwa hai, na mama yake Jeon angesema vivyo hivyo. Mama yule, Lee So-sun, hakukaa kulia tu. Alisaidia kuanzisha chama cha washonaji wa soko lile, akafungwa, akatoka, akaendelea, mpaka wafanyi kazi wa Korea wakamwita mama wa wote. Alifariki mwaka 2011.

Baada ya washonaji wakaja wasusi wa mawigi. Ndiyo, mawigi. Moja ya bidhaa zilizoipatia Korea fedha za kigeni katika miaka ya sitini ilikuwa nywele, na dada zetu wanaofanya kazi za namna hiyo hapa Nairobi wajue wana ndugu katika historia. Mwaka 1979 mwenye kiwanda cha mawigi cha YH alifunga mlango akawaacha wafanyi kazi bila kitu. Wanawake karibu 200 wakaenda kuketi katika makao ya chama cha upinzani wakidai haki yao. Usiku wa tarehe 11 Agosti polisi wakavamia, na msichana mmoja, Kim Kyung-sook, akafa. Jambo lile dogo la kiwanda kimoja likachafua siasa ya nchi nzima. Oktoba ghasia zikatokea Busan na Masan, na tarehe 26 ya mwezi ule Park akauawa mezani na mkuu wake mwenyewe wa ujasusi.

Jeshi halikuondoka. Jenerali mwingine, Chun Doo-hwan, akashika hatamu, na tarehe 18 Mei 1980 askari wa miavuli wakawaangukia wanafunzi wa mji wa Gwangju kwa marungu na visu vya bunduki. Hapa nawaomba madereva na makondakta wasikilize. Madereva wa teksi na mabasi walikuwa wakiwabeba majeruhi kuwapeleka hospitali, na askari wakawapiga kwa kosa hilo. Jioni ya tarehe 20 Mei madereva walipanga magari yao, zaidi ya 200, wakawasha taa, wakapiga honi, wakaenda pamoja hadi jengo la serikali ya jimbo, na mji mzima ukawafuata nyuma. Kesho yake askari walipiga risasi umati, kisha wakasukumwa nje, na wenyeji wakautawala mji wao kwa siku kadhaa, wakipika chakula pamoja na kutoa damu hospitalini. Alfajiri ya tarehe 27 vifaru vikarudi. Serikali ilihesabu maiti karibu 200, na watu wa Gwangju hawakuikubali hesabu hiyo.

Mwaka ule ule wa 1980 Serikali yetu ilipiga marufuku chama cha watumishi wa Serikali na chama cha wahadhiri wa Chuo Kikuu. Miaka ya themanini ilikuwa mizito kwetu kama kwao. Tofauti ilikuja mwaka 1987.

Januari 1987 mwanafunzi Park Jong-chul alifia mikononi mwa polisi wa Seoul kwa mateso. Juni barabara zikajaa, na safari hii makarani wenye tai walitoka maofisini saa ya chakula wakajiunga na wanafunzi. Tarehe 29 Juni watawala wakakubali rais achaguliwe na wananchi. Magazeti ya ulaya huishia hapo, yakipiga makofi. Wafanyi kazi hawakuishia hapo. Julai, Agosti na Septemba viwanda viligoma kimoja baada ya kingine, zaidi ya mara 3,000 katika mwaka mmoja. Huko Ulsan, kwenye viwanda vya Hyundai, watu walitoka kwa makumi ya maelfu, wakatanguliza mitambo yao mikubwa ya kubebea mizigo, wakaingia mjini. Walidai mishahara, na walidai pia wasikatwe nywele kwa nguvu mlangoni kama askari jela. Ndiyo bidii iliyosifiwa sana ile: mtu mzima fundi wa meli anapimwa nywele na bawabu.

Na nini kilifuata? Je, Korea ilianguka? Matajiri walisema itaanguka. Sheria ya kima cha chini cha mshahara ikaanza kutumika Januari 1988. Bima ya matibabu ikawafikia watu wote mwaka 1989. Mishahara ya viwandani ikapanda mwaka baada ya mwaka, na mfanyi kazi akaweza kununua lile gari alilokuwa akilifunga bolti. Korea tajiri tunayoonyeshwa katika filamu, yenye majumba na simu za fahari, ilikomaa baada ya mgomo mkubwa wa 1987. Kabla yake palikuwa na Korea ya soko la Amani. Hiki ndicho kipande kilichokatwa.

Tulipata nafasi inayofanana kidogo mwanzoni mwa 2003. Serikali mpya ilikuwa imeingia, watu wamejaa matumaini, na wafanyi kazi wa viwanda vya nguo vya EPZ wakagoma kiwanda baada ya kiwanda, wakitaka chama na mishahara ya maana. Walioshona nguo za Marekani kwa ujira wa posho waliambiwa wasiharibu jina la nchi. Vyama vilipata mlango wa kuingia, hilo ni ushindi, lakini vyama vingine vyote jijini vilikaa vikatazama. Mahoteli yalitazama. Maduka yalitazama. Ulsan hawakutazama.

Nataja mambo mawili zaidi upesi. Mwaka 1996 Chun na Roh Tae-woo, marais wawili wa zamani, walisimama kizimbani wamevaa nguo za mahabusu, wakahukumiwa, ijapokuwa walisamehewa mwaka uliofuata. Kwetu, waliowatuma wauaji wa Pinto na Mboya hawajawahi kuona kizimba. Na alfajiri ya tarehe 26 Desemba mwaka ule ule wa 1996 wabunge wa chama tawala waliingia bungeni kwa siri, wapinzani hawapo, wakapitisha kwa dakika chache sheria ya kurahisisha kufukuza wafanyi kazi. Siku ile ile mgomo wa nchi nzima ukaanza. Ulikwenda hadi Januari, na Machi 1997 sheria ile ikabidi iandikwe upya.

Vijana wetu hawahitaji kuelezwa habari za miswada. Tarehe 25 Juni 2024 walifika ndani ya Bunge kwa sababu ya Mswada wa Fedha, wengi wakauawa mwezi ule na uliofuata, na mswada ukaondolewa kesho yake. Desemba ile ile, usiku wa tarehe 3, Rais Yoon Suk Yeol wa Korea alitangaza utawala wa kijeshi. Raia walikimbilia bungeni wakawazuia askari, wabunge wengine wakaruka ukuta, na kwa kura 190 bila hata moja ya kupinga wakaifuta amri ile kabla ya kuche. Yoon aliondolewa na mahakama tarehe 4 Aprili 2025. Aliyechaguliwa Juni baada yake, Lee Jae-myung, alifanya kazi viwandani akiwa mtoto, na mkono wake ulivunjwa na mashine. Naye atapimwa kwa matendo yake, maana tumewahi kuona watoto wa maskini wakisahau. Nawaonya pia wasomaji wasidhani kwamba Korea leo ni peponi. Wako vibarua wa mkataba wasio na mbele wala nyuma, na kwa miaka mingi matajiri waliwashtaki wagomaji kudai fidia ambayo mtu hawezi kuilipa hata akizaliwa mara tatu. Ilichukua mpaka Agosti 2025 bunge kupitisha sheria ya kupunguza ukatili huo.

Basi wajumbe wanaokwenda mezani wachukue karatasi hii. Amri ya mishahara ya Novemba 2024 ilimwekea kibarua wa jiji la Nairobi shilingi 16,113 na senti zake kwa mwezi. Katika mshahara wake hutoka makato ya nyumba asilimia 1.5 na ya bima ya afya asilimia 2.75, kisha huja kodi ya chumba, na nauli inayopanda kila mvua inyeshapo. Anayeshindwa na nauli hutembea kutoka Westlands hadi Kangemi usiku. Tajiri akisema tuige Korea, asibishiwe. Aulizwe ni Korea ya mwaka gani. Akisema ya 1970, mwelezeni kwamba Katiba ya 2010, kifungu cha 41, imekwisha kuikataza. Akisema ya 1988, tumekubaliana, aandike, tuanze na kima cha mshahara. Na akikosa jibu, nendeni moja kwa moja kwenye dai la pili, malipo ya zamu ya usiku na gari la kuwarudisha watu nyumbani.